Siku Kamati ya Bunge Ilipoomba Daftari

Agosti 2013 nilikuwa karani wa masijala katika halmashauri moja ya mkoa wa Tabora. Jina lake nitalihifadhi, maana wengi niliofanya nao kazi bado wako kazini na bado tunakutana sokoni. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuziingiza kwenye rejista na kupeleka majalada kwa wahusika. Karani wa masijala haulizwi maoni, ila hakuna anayejua kama yeye jalada lipi linatembea na lipi limelala.

Barua ya Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ile iliyozoeleka kama LAAC, ya kutuarifu ziara yake iliposomwa, ofisi nzima ilibadilika. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa. Choo cha wageni, kilichokuwa kimefungwa tangu nianze kazi pale, kikapata ufunguo. Mweka Hazina akaanza kulala saa chache, na mimi nikalala chache zaidi, kwa sababu kila hati ya malipo iliyotakiwa ilibidi nitafutwe mimi kwanza.

Hofu ile haikuwa ya bure. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG) hufanya kazi yake kwa Ibara ya 143 ya Katiba. Rais hukabidhiwa ripoti mwishoni mwa Machi, kisha inaingia Bungeni, na baada ya hapo kamati ndizo zinazoichambua hoja kwa hoja na kumwita Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, ajibu. Sisi tulikuwa na hati yenye shaka, yaani mkaguzi hakuridhika na baadhi ya hesabu zetu. Tena kumbukumbu za mwaka uliotangulia zilikuwa bado mbichi. Aprili 2012, wakati vikao vya Bunge vikionyeshwa moja kwa moja, tulijazana kwenye mgahawa wa karibu na stendi tukimtazama jirani yetu wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, akikusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu baada ya ripoti ya CAG. Mwezi Mei Rais Kikwete akapanga upya baraza lake na mawaziri sita wakaachwa nje. Kama waziri anaondoka kwa ripoti, mkurugenzi wa halmashauri ni nani?

Kanuni za Bunge za wakati ule zilitaka kamati za hesabu ziongozwe na upinzani, kwa hiyo ofisini wengi walijiandaa kwa maneno makali ya mwenyekiti. Walijiandaa kwa mtu asiye sahihi. Aliyetutoa jasho alikuwa mama wa makamo, mbunge wa viti maalumu wa chama tawala, ambaye asubuhi yote ukumbini hakusema neno zaidi ya kuomba maji ya kunywa.

Mada kubwa ilikuwa maji. Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji ilianza mwaka 2006, na ndani yake kila halmashauri ilitakiwa kupeleka maji katika vijiji kumi. Miradi ile ilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilikuja baadaye, mwaka 2019. Taarifa yetu, yenye jalada la plastiki na picha za rangi, ilisema mradi wa kijiji walichopangiwa waheshimiwa kukitembelea umekamilika na unafanya kazi. Mkurugenzi aliisoma yote kwa sauti, na hata mimi niliyeitoa nakala nilikaribia kusinzia.

Tukapanda magari. Mimi niliwekwa nyuma na masanduku ya majalada, endapo yatahitajika. Kijijini palikuwa na turubai, viti vya plastiki, ngoma, na hotuba ya mwenyekiti wa kijiji iliyokula sehemu nzuri ya muda wa ziara. Hilo mpaka leo linaniudhi. Kamati inasafiri kutoka Dodoma kuja kukagua thamani ya fedha, nasi tunaikalisha kivulini kuitumbuiza.

Bomba lilipofunguliwa maji yalitoka kwa nguvu, na watu wakapiga makofi. Mhandisi akajipangusa uso.

Yule mama hakupiga makofi. Alikuwa anatazama chini. Nami nikatazama, nikaona alichokiona, kwa kuwa nimekulia huku. Kiangazi cha Tabora, pasipo tope karibu na bomba hapana maji. Gati, yaani kituo cha kuchotea maji, linalofanya kazi mwezi wa nane utalijua kabla hujalifikia: ardhi imelowa, mbuzi wanasukumana, na nyuki wametanda kwenye koki mpaka watoto wanaogopa kuchota. Pale palikuwa pakavu. Hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Akamsogelea bibi mmoja aliyetambulishwa kuwa mtunza fedha wa kamati ya maji ya kijiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji haya mnayalipia?"

"Tunalipia. Ndoo shilingi ishirini."

"Mnaandika wapi?"

"Kwenye daftari. Liko nyumbani."

"Naomba nilione, mama yangu."

Mjukuu akatumwa kwa baiskeli. Watu wa itifaki wakaanza kutazama saa, kwa kuwa ratiba ilionyesha zahanati bado inasubiri. Mkurugenzi akashauri kwa adabu kwamba daftari lingeweza kuletwa ofisini baadaye. Mwenyekiti wa kamati akamjibu kwamba wao hawana haraka, akavuta kiti. Tukakaa juani.

Daftari lilifika ndani ya mfuko wa rambo. Lilikuwa daftari la shule, limepigiwa mistari kwa rula, tarehe upande huu, ndoo na fedha upande ule. Mwandiko safi kuliko wa maofisa wengi niliokuwa nawapelekea majalada. Mheshimiwa akafungua kurasa polepole mpaka ya mwisho yenye maandishi. Ilikuwa ya Februari.

"Mama, tangu Februari hakuna aliyechota?"

"Mafuta ya mashine ya kusukuma maji hayakuwepo. Haya yameletwa jana, na gari."

Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyegombeza. Alimshukuru, akaomba ruhusa ukurasa upigwe picha, akamrudishia daftari lake kwa mikono miwili.

Jioni ukumbini ndipo nilipoitwa mbele. Waliuliza kama kijiji kiliwahi kuandika barua kuhusu mafuta. Niliijua barua ile. Ilipokelewa Machi, muhuri niligonga mimi, ikapewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na kupelekwa idara ya maji. Nikafungua jalada mezani pao. Barua ilikuwepo, na chini yake hapakuwa na dokezo hata moja la ofisa kuishughulikia. Mwenyekiti akaweka vitu vitatu sambamba: taarifa ya mkurugenzi yenye saini, picha ya daftari, na barua ya kijiji. Akamwuliza Afisa Masuuli amweleze ipi kati ya hizo ni ya kweli. Mkurugenzi akaomba muda.

Wapo wenzangu waliotarajia kuona mtu anatiwa pingu siku ile, wakatoka wakisema kamati haina meno. Kweli kamati haimfukuzi mtu kazi. Iliagiza majibu ya maandishi, ikapendekeza ukaguzi maalumu katika vijiji vyote kumi, ikaondoka na hoja yetu kwenda kuiweka kwenye taarifa yake ya Bungeni. Zahanati waliikagua giza likiwa limeingia, kwa mwanga wa tochi za simu, na sidhani waliona chochote cha maana. Vijiji vingine tisa hawakuviona kabisa.

Lakini mimi nilikaa na majalada, na niliona tofauti. Lile la maji lililokuwa limelala tangu Machi, ndani ya wiki moja lilipita meza zote, likarudi limenona madokezo. Watu waliokuwa hawajui masijala iko mlango gani wakaja wenyewe kulitafuta.

Mkaguzi wa Ndani ndiye aliyekuja mwisho. Mtu mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akachomoa kutoka kwenye begi lake nakala ya ripoti yake ya robo mwaka, akaniwekea kidole kwenye aya moja. Alikuwa ameandika kuhusu mafuta ya mashine ya kijiji kile kile, na tarehe ilikuwa ya Aprili.

"Si waheshimiwa walioligundua hili, bwana mdogo," akasema. "Nililiandika, likasomwa kwenye kikao, tukaenda kunywa chai."

Nikamwuliza sasa anataka nini.

"Nitolee nakala za ripoti zangu zote za mwaka. Kila moja uibane na barua ya Bunge juu yake, nione kama safari hii watakwenda kunywa chai."

Nilimtolea mpaka wino wa mashine ukaisha, na Mweka Hazina, ambaye kwa kawaida angeuliza nani karuhusu, alisaini maombi ya wino mwingine bila kuuliza.