Usiku wa Kujaribu Darubini

Niliweka akiba miezi mingi kwa ajili ya darubini moja: ya kioo cha upana wa milimita 200, ile aina ya Dobson inayokaa juu ya kitako cha mbao na kusukumwa kwa mkono. Kwa pesa niliyokuwa nayo sikuweza kupata kioo kikubwa zaidi, na kioo kikubwa hukusanya mwanga mwingi. Nilitaka kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo katikati ya nyota. Basi hesabu yangu niliiona imekamilika.

Mwalimu wangu wa zamani wa fizikia alikuwa nayo ya aina hiyohiyo. Nilipomweleza hakunipinga. "Njoo na kamera yako kabla hujatoa pesa," akaniambia.

Usiku huo anga lilikuwa safi, na mwezi haukuwepo. Tulianza kwa kutazama tu. Mshtarii ilionyesha mikanda yake miwili, miezi minne imejipanga ubavuni. Kwenye upanga wa Jabari, lile kundi la nyota, penye nebula ya M42, nikaona ukungu wa kijivu umekunjua mbawa. Kwa jicho, darubini ile sina la kuilaumu hata leo.

Kisha nikafunga kamera. Haikufokasi. Nilizungusha kirekebishio mpaka mwisho, nyota zikabaki madonge, kwani kwenye darubini nyingi za namna hiyo picha hutua karibu mno na bomba na kamera haiwezi kuingia ndani kuifuata. Mwalimu akanipa lenzi ya Barlow, inayosogeza picha nje na kuikuza. Fokasi ikapatikana, lakini urefu wa fokasi wa darubini ukapanda kutoka milimita 1200 hadi 2400, yaani picha ilikuzwa mara mbili. Nikaacha shata wazi sekunde 10: kila nyota mstari. Sekunde 5, mstari. Sekunde 2, mstari mfupi.

"Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, mwanangu," Mwalimu alisema, "na darubini hii haina cha kuifuata. Ukikuza picha, umekuza na mwendo."

Akaingia ndani, akatoka na stendi ndogo yenye mota, ambayo mhimili wake huelekezwa sambamba na mhimili wa dunia. Kuuelekeza kulituchukua karibu nusu saa. Watu wengi huiharakisha kazi hii na kuharibu usiku mzima, yeye hakuharakisha. Juu yake tukafunga kamera na lenzi yangu ya kawaida yenye urefu wa fokasi wa milimita 135, ambayo mdomo wake haufiki hata milimita 50. Sekunde 60.

Nyota zilitoka nukta. Na M42, ambayo kwa jicho ilikuwa ya kijivu, ilikuwa ya waridi.

Niliitazama skrini ile muda mrefu, nikaigawa upya akiba yangu palepale: sehemu kubwa stendi ya mota, hata kama imeshatumika, na kitakachobaki darubini ndogo ya lenzi, ya upana wa milimita 70 hivi. Kwa mwezi na sayari kioo kile kingenifaa, maana huko unarekodi video na kuchagua fremu zilizotulia. Kwa nebula, stendi kwanza.

Kabla ya kuondoka tuligeukia Kilimia, fremu 20 za dakika mojamoja. Nyumbani nikaziunganisha kwenye programu ya kompyuta. Kuzunguka zile nyota ambazo nimezijua tangu utotoni, polepole vumbi la samawati likajitokeza.