Kiki Iliyopotea Ngamiani

Jana tulisubiri adhana ya Alasiri ipite, ndipo tukaanza kurekodi dramu chumbani kwangu Ngamiani, hapa Tanga. Binamu alileta seti yake kwa guta. Mtaji wangu ni ule ule: maiki mbili, kadi ya sauti yenye matundu mawili, na kompyuta inayounguruma kama mashine ya kusaga.

Chumba ni tofali tupu na bati. Ukigonga snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, sauti inapanda, inagonga bati, inarudi na ukali wa sufuria. Nilitundika kanga nne za Mama ukutani, zikapunguza makali ya matoazi kidogo sana. Kitambaa chepesi kina mipaka yake. Kilichosaidia ni magodoro. Moja tulilisimamisha nyuma ya binamu, jingine tukalifunga kwenye kenchi juu ya kichwa chake kwa kamba ya katani. Tanga utakosa vyote, si katani.

Maiki moja niliiweka juu ya snea, kama mita moja hivi, nyingine mbele ya kiki (kiki ya dramu, ile kubwa ya kukanyaga kwa mguu, si zile za mastaa). Glyn Johns, fundi wa Uingereza, aliirekodi bendi ya roki ya Led Zeppelin mwaka 1968 na dramu akaziwekea maiki chache tu, basi nami na mbili zangu nikajiona nimefika.

Usiku ndipo nikaumbuka. Maiki ya kiki peke yake: dum, kifua kinatikisika. Ya juu peke yake: safi. Nikiziachia pamoja, kiki inayeyuka. Mama akauliza kutoka uani, "Mwanangu, umemrekodi mtu anapepeta mchele?" Nikaongeza besi, nikapunguza, nikaongeza tena, saa mbili nzima.

Mwishowe nikarudi kwenye kamba. Nikapima: kutoka ngozi ya kiki hadi maiki ya juu palizidi umbali wa ile ya mbele kwa kama mita 1.4. Sauti hutembea mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo pigo lile lile lilikuwa linafika juu limechelewa milisekunde 4. Karibu na hezi 120 (mitetemo 120 kwa sekunde), pale penye nyama ya kiki, wimbi moja linapanda jingine linashuka, yanauana.

Nikabonyeza kitufe cha kupindua wimbi kwenye maiki ya mbele. Kitufe kimoja! Kiki ikarudi. Nilijaribu pia kuivuta ya juu kwa milisekunde zile 4. Kiki ikakaza zaidi lakini snea ikanyong'onyea, nikaghairi. Kompresa, ile ya kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, nimetia kiduchu, maana ukibana sana bati linaanza tena kuimba. Kuna kunguru analia kwenye ubeti wa pili. Nimemwacha.

Asubuhi hii nikapiga miksi kwenye spika ndogo ya sebuleni, Mama yuko jikoni anachoma vitumbua. Kiki ikagonga mara tatu.

"Karibu!" akaitika. "Nani?"