Nilivyohamishiwa nyuma ya darasa langu mwenyewe

Nianze na wale walionishauri nilipofungua darasa la Lugha ya Alama: "Kiziwi atawafundishaje watu wanaosikia? Mfanye msaidizi, mpe nauli, atafurahi." Ushauri wa kizee huo. Milano, Italia, mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi, karibu wote wanaosikia, walipiga kura lugha ya alama iondoke mashuleni. Mimi nami nikajiunga na ukoo huo.

Nilikuwa na cheti cha wiki sita. Basi kwenye darasa langu la Lugha ya Alama hapa Morogoro nikasimama mbele mimi, na dada mmoja fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, akakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki akisubiri kuitwa kuonyesha mifano. Nauli elfu tano.

Siku ya kufundisha maswali, mikono yangu ilikwenda vizuri kabisa. Dada akainuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Unauliza au unatangaza?" Darasa likaangua kicheko. Kumbe swali liko kwenye nyusi, na uso wangu ulikuwa mkavu kama wa picha ya kitambulisho. Watu kumi na watatu nilishawaambukiza uso ule, kwa miezi minne, na ada wamelipa.

Nikamwomba afundishe yeye, mimi nitafsiri. Ikaharibika zaidi! Yeye mikono inakwenda, macho yote kwangu mwenye sauti.

Dawa aliileta mwenyewe: kopo la maziwa ya unga mezani. Ukifungua mdomo, unatumbukiza mia mbili. Kopo lilijaa ndani ya mwezi, na mchangiaji mkuu ni mimi. Hata kupiga chafya nilitozwa, nadhani kwa makusudi. Tafsiri ikabaki dakika kumi za mwisho, nami nikahamishiwa nyuma. Viti akavipanga nusu duara ili kila mtu aone mikono ya mwenzake, halafu akaondoka pale dirishani, maana mwanga ukiwa mgongoni unabaki kivuli. Hapo dirishani ndipo nilipokuwa nasimama mimi, najiita mwalimu.

Hela sasa. Nilimuuliza anataka ngapi, akaandika kwenye simu. Nikakohoa. Halafu nikakumbuka nilichokuwa nachukua mimi kwa uso mkavu, nikanyamaza. Siku hizi ada ikiingia inatoka yake kwanza, halafu ya chumba, kinachobaki changu. Tangazo lina jina lake; mimi niko chini huko, "mkalimani". Na mkimtaka kwenye semina, jamani, msinipigie mimi. Mtumieni yeye meseji, anasoma na kujibu kuliko mimi.

Jina la alama, lile la kukuita kwa mikono, hujipi, wanakupa viziwi wenyewe. Langu nilipewa mwezi wa pili wa kopo: kidole kinapita juu ya nyusi, kimenyooka kama rula. Nikimwomba anibadilishie, ananiangalia kwa uso mkavu.