Siku yangu moja kwenye chumba cha endoskopia, Moshi

Saa 11:00 alfajiri. Chai, watoto, daladala. Mlima ukiwa umefunguka huwa nautazama mpaka gari ikate kona, kwa sababu nikishaingia kazini nakaa chumba kisicho na dirisha mpaka jioni.

Mimi ni muuguzi wa endoskopia. Watu wakisikia hivyo hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Ndiyo ile ya kuingiza kamera kule nyuma?" Ndiyo hiyo. Tangu tuletewe kifaa chenye akili mnemba wameongeza swali jingine: "Kumbe siku hizi mashine inafanya yenyewe?" Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua chumba, nakagua oksijeni, mashine ya kunyonya na dawa za usingizi, nawasha skrini. Kifaa chenyewe ni kiboksi tu kilichokaa chini ya skrini. Picha za kamera zinapita humo, na kikiona kitu kinachofanana na kinyama, yaani polipu, kinakizungushia mraba wa kijani na kutoa mlio mdogo. Basi. Hakisukumi mpira wenye kamera, hakikati, hakitoi jibu la saratani. Baadhi ya vinyama hivyo vikiachwa miaka mingi hugeuka saratani ya utumbo mpana, ndiyo maana tunavitafuta vikiwa vidogo.

Kinasaidia, sibishi. Kuna utafiti wa China uliochapishwa 2019, watu 1,058: kati ya waliopimwa kwa msaada wa mashine, 29 katika kila 100 walikutwa na vinyama vya aina hiyo ya hatari, kwa macho ya daktari peke yake, 20. Kwangu mimi ninayewapokea watu hawa mlangoni, tofauti hiyo ni kubwa.

Saa 2:30 hadi saa 4:00. Wagonjwa wawili, matumbo safi, hakuna kitu, wamerudi nyumbani.

Saa 4:15. Mzee wa miaka sabini na kitu, ametoka Rombo jana akalala kwa binti yake Majengo. Anaona damu chooni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Dawa nimekunywa yote, mpaka tone la mwisho."

Ndiyo dawa ya kuharisha, ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Lakini daktari alipofika utumbo wa kulia skrini ilijaa uji wa kijivu, na ile miraba ya kijani ikaanza kuruka huku na huku: povu, kipande cha choo, mkunjo wa utumbo, mlio juu ya mlio. Nikajaza maji na dawa ya kuvunja povu kwenye bomba kubwa la sindano, nikasukuma, daktari akanyonya, nikasukuma tena. Njia ya kunyonya ikaziba. Tukaizibua, ikaziba tena. Nikamgeuza mzee, nikambonyeza tumbo, nikarudi kwenye bomba. Dakika arobaini zilipita hivyo, kidole gumba kimekufa ganzi. Utumbo tunaugawa sehemu tatu, kila sehemu tunaipa alama za usafi kuanzia 0 hadi 3, na ikipata chini ya 2 huwezi kusema umeiona. Upande wa kulia ulipata 1.

Kilichonishtua si kelele. Pale palipofunikwa kabisa, mashine ilinyamaza. Mgeni angeona skrini haina alama, akadhani mzee ni mzima.

Nilitoka kwa binti nikiwa nimeudhika. "Baba alikula nini jana?"

"Hajala dada. Supu tu, kama karatasi ilivyosema."

"Supu gani?"

"Mtori."

Ndizi za kupondwa na nyama! Nilifungua mdomo nimkaripie, kisha nikaiomba ile karatasi. Chai ya rangi, maji, juisi isiyo nyekundu, supu. Imeandikwa supu, nukta. Sasa huku uchagani mgonjwa akiambiwa anywe supu, apikiwe nini kama si mtori? Ndiyo anayopewa hata mzazi akitoka kujifungua. Yule binti alimpikia baba yake kwa upendo, akifuata karatasi ambayo nimeigawa mimi kwa mkono wangu mwaka mzima.

Kumrudisha Rombo maana yake nauli nyingine, dawa nyingine na pengine asirudi. Daktari akasema akiamka vizuri tumpe lita mbili nyingine, awe wa mwisho. Mzee alikunywa. Nilimshika mkono kwenda chooni mara tano. "Mama, mtanikausha," akasema, akakiinua kikombe tena.

Baada ya hapo saa sizifuati. Wagonjwa watatu wengine. Mmoja wao daktari alimpima kifaa kikiwa kimezimwa, kwa makusudi. Anafanya hivyo kila siku tangu asome utafiti wa Poland wa 2025: madaktari waliozoea mashine, walipopima bila mashine, kiwango chao cha kuviona vinyama kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Sikula.

Mzee aliingia tena, jioni tayari. Safari hii utumbo uling'aa. Daktari aliufikisha mpira mwisho, kisha akaurudisha nyuma taratibu huku akikagua, mimi nimeshika saa. Kurudi kusipungue dakika 6, kwa huyu alitumia 14. Upande ule ule wa kulia, mraba wa kijani ukatokea na kutulia. Povu hurukaruka, kinyama hutulia, hilo nimejifunza. Kilikuwa bapa, rangi karibu sawa na utumbo, ukubwa wa punje ya hindi. Daktari akasema amekiona. Mimi sikuwa nimekiona. Akadunga maji chini yake, nikafunga kitanzi cha waya cha kukatia, kikatoka. Damu ya mzee ilikuwa ya bawasiri. Kinyama kile hakijawahi kumuuma.

"Ni saratani, dada?" binti akauliza.

"Hatujui mpaka maabara wakisome. Njoo naye wiki ijayo."

Halafu kuosha. Kupima kama mpira unavuja, brashi kwenye kila njia mpaka itoke safi, dawa, suuza, kausha, tundika. Mara saba leo, maana mzee ni mara mbili. Mgongo unawaka, na mgonjwa wa kesho anategemea kwamba sikuruka hatua hata moja. Sikuruka.

Kabla ya kufunga mlango nilichukua karatasi zilizobaki mezani, thelathini na sita, nikakata neno supu kwa kalamu kwenye kila moja na kuandika pembeni: supu iliyochujwa, nyepesi kama chai ya rangi. Mtori hapana. Uji hapana. Maziwa hapana. Ya mwisho niliimalizia nikiwa nimesimama, mkoba begani.