Kiingilio cha dola 25,000

Mwaka 2015 mimi na mume wangu tulikuwa na dola 41,000 benki. Tulikuwa tunaishi Columbus, Ohio, na hizo zilikuwa jasho la miaka saba: shifti zangu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na za kwake za kupakia mizigo ghalani. Tulitaka kununua franchaizi, yaani haki ya kufungua duka letu kwa jina na utaratibu wa kampuni: duka la mikate ya kujaza nyama na saladi, lenye jina ambalo hata wanetu walikuwa wakiliona bango lake wanapiga kelele ndani ya gari.

Kiingilio kilikuwa dola 25,000. Mume wangu hakushtuka. Yeye amekulia Kariakoo, na baba yake aliwahi kulipa kilemba cha fremu, ile fedha ya mara moja ya kuachiwa chumba cha duka. "Mama watoto, hiki ni kilemba tu," aliniambia. "Ukishatoa, umetoa. Baada ya hapo ni pango, na kinachobaki ni chako."

Sheria ya Marekani inamtaka muuza franchaizi ampe mnunuzi kitabu cha maelezo angalau siku 14 kabla hajasaini wala kutoa senti. Chetu kilikuwa na kurasa mia tatu na ushee, vipengele 23. Nilikisoma kazini usiku wa manane, wazee wakiwa wamelala. Kipengele cha 7 ndicho kilichonitoa usingizi: ukijumlisha oveni, majokofu, bango, amana ya pango na mengineyo, hesabu ilianzia dola 180,000. Kumbe zile 25,000 zilikuwa za kufungulia mlango tu; nyingine tungekopa kwa dhamana ya nyumba. Nikafungua cha 19, mahali ambapo kampuni ikitaka inaeleza maduka yake yanaingiza kiasi gani. Sheria haiilazimishi. Yetu iliandika mistari michache kwamba haitoi takwimu.

Lakini cha 20 kina orodha ya wenye maduka na walioacha mwaka uliopita, pamoja na simu zao. Jumamosi nikajifungia ndani ya gari, mbali na kelele za watoto, nikaanza kupiga. Wa tatu kupokea alikuwa mama mmoja wa Dayton aliyekuwa amefunga duka lake.

"Kiingilio sikijutii," aliniambia. Walimfundisha kuagiza mikate, kupima nyama kwa mizani, kupanga zamu za vijana, mambo ambayo peke yake angeyajua kwa hasara. Nilimwamini, na mpaka leo naona kwa mtu asiyejua biashara ya chakula somo lile lina thamani yake. "Kilichonimaliza ni Jumanne."

Kila Jumanne kampuni ilivuta fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake: asilimia 8 ya mrabaha, yaani ada ya kutumia jina lao, na 4 ya matangazo. Na ilikuwa asilimia ya mauzo, siyo ya faida. Mwenye nyumba hajalipwa, vijana hawajalipwa, wao wameshachukua. Akaniambia nishike kalamu. Nikaandika nyuma ya risiti ya mafuta: ukiuza 7,000 kwa wiki, wanachukua 840. Mara wiki 52, ni 43,680.

Nilibaki nikiiangalia ile namba. Ilizidi akiba yetu yote, na mkataba ulikuwa wa miaka 10.

Jioni nikampa mume wangu ile risiti. Aliisoma, akaigeuza akaangalia bei ya mafuta, akaigeuza tena. "Kumbe kilemba chenyewe kinalipwa kila Jumanne," akasema polepole.

Siku ya kumi na mbili tangu tupewe kitabu, muuzaji wa kampuni alinipigia. Nilipomwambia tunasita, papo hapo akapunguza dola 5,000 kwenye kiingilio. Nikamuuliza, na zile asilimia? Akasema hizo haziguswi kwa mtu yeyote.

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda kujilaza. Saa nne usiku nilikuwa na shifti.