Nora ametoka nje
Nimetoka Hudson Theatre hapa New York na mikono bado inatetemeka. Nimemwona mwigizaji Jessica Chastain akiwa Nora, mke katika A Doll's House, tamthilia ya mwandishi wa Norway Henrik Ibsen iliyochezwa kwanza Copenhagen, Desemba 1879.

Unapoingia ukumbini tayari yupo, amekaa kwenye kiti, anazungushwa polepole huku watu wakitafuta nafasi zao. Hakuna meza wala kochi, hata mti wa Krismasi haupo. Viti vitupu tu! Mume anamwita majina ya ndege kwa sauti ya mapenzi kabisa, nami nikasisimka mwili mzima, maana sauti ile naijua. Mamdogo wangu aliitwa "mtoto wangu" na mumewe miaka ishirini, na siku zote hizo hakujua hati ya nyumba iko wapi.

Nora alighushi saini ya baba yake akakopa pesa za kumtibu mume. Siri ilipofichuka, mume aliwaza heshima yake kwanza. Hapo nililia waziwazi.

Kisha ukuta wa nyuma ukafunguka tukaona mtaa wenyewe, taa na magari, naye Nora akatoka. Mwaka 1880 Ujerumani, Ibsen alishurutishwa kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki kwa ajili ya watoto. Hao waliomshurutisha siwaelewi hata kidogo.

Nimempigia mamdogo nikiwa kwenye ngazi za kituo cha treni. Tanga ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Amepokea, tumeongea mpaka kwake kumepambazuka.