Siku tuliyosimamisha fremu za ghala la korosho

Tangu korosho za Mtwara zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, ghala kwetu ni mahali mkulima anapoacha jasho lake akingoja mnada. Ndiyo maana nilipopata kazi kwenye ujenzi wa godauni la chuma upande wa Mikindani, niliifanya kwa moyo.

Lilikuwa na upana wa mita 24, bila nguzo hata moja katikati. Mimi nilikuwa nimezoea kenchi za mbao, zinazokaa tu juu ya ukuta. Hapa nguzo na boriti ya paa zinafungwa pamoja mpaka zinakuwa kitu kimoja, ndiyo fremu yenyewe, na uzito wote wa paa unahangaika kuipinda ile kona na kuisukuma miguu ya nguzo nje.

Siku ya kuinua ilikuwa Agosti, kusi inavuma. Nguzo zilishasimama juu ya bolti zilizozikwa kwenye zege. Boriti mbili tuliziunga chini kwenye kilele, kreni ikazinyanyua kwa pamoja. Mimi nilikuwa juu, nimejifunga mkanda, nikiipokea ncha. Kwenye kona boriti ilikuwa nene kuliko katikati, kwa sababu chini yake kimechomelewa kipande cha pembetatu. Hapo ndipo nguvu ya jengo zima ilipo. Nikapenyeza mkia wa spana kwenye tundu, nikauvuta mpaka matundu ya boriti na ya nguzo yakalingana, mwenzangu akapitisha bolti.

Fremu ya kwanza tuliifunga kwa kamba za waya pande zote. Ya pili ilipokaa, kreni bado imeishika, msimamizi wa mwenye mali akaanza kufoka kutoka chini.

"Fundi, kreni hii tunailipa kwa saa. Iachie, tuendelee na ya tatu."

Fomeni wetu, mzee wa Newala, hakupandisha sauti. "Bosi wangu, kwa upana fremu hizi hazitikisiki. Kwa urefu wa ghala hazina kitu, upepo huu utazilaza kama karata. Nipe muda nizifunge."

Wakabishana kweli, tukiwasikia kutoka juu. Mzee hakusogea. Tukafunga papi za chuma, zile fito za kubeba bati, kati ya fremu mbili, kisha vyuma vya mshazari kwenye paa na ubavuni, vinavyokatana kama herufi X. Akapima kwa timazi nguzo baada ya nguzo, tukakaza nati, ndipo akampungia mkono dereva wa kreni alegeze.

Kwa maoni yangu, kazi yote ya ghala lile ilikuwa kwenye saa zile. Fremu zilizofuata ziliegemezwa kwenye zile mbili kwa papi, moja baada ya nyingine. Saruji laini ya kujaza chini ya sahani za chuma zilizo miguuni mwa nguzo ilimiminwa mwisho, baada ya mzee kuridhika kwamba mstari mzima umenyooka.